Mashine Mbili, Anwani Moja

Mkono wa kushoto wa Mama Waya ulikuwa umepinda kidogo chini ya kiwiko, na mtu asiyemjua angedhani alizaliwa nao hivyo. Hakuzaliwa nao. Ulivunjwa kwa mguu wa kiti, jikoni, mchana kweupe, na mwanaume ambaye asubuhi ya siku ile ile alikuwa amemwomba amkande mgongo. Sababu ilikuwa chai. Ilipoa, au ilizidi sukari, Mama Waya mwenyewe hakumbuki tena, maana kwa mwanaume yule sababu zilikuwa kama njiti za kiberiti, za kuwashia tu na kutupa. Anachokumbuka ni neno moja. Akiwa chini sakafuni alisema, "Mkono wangu umevunjika," na mumewe akamruka miguu, akaenda kunawa uso, akamjibu huku maji yakimtiririka kidevuni: "Utapona."

Akapona, tena vibaya, kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda hospitali mpaka uvimbe ulipokuwa hauonekani chini ya nguo.

Mwanaume huyo watu walimwita Sajini. Jeshi alilisikia redioni tu, lakini nyumbani kwake akiingia wote walisimama, mpaka mtoto. Alipiga mlango ukikwama. Alipiga redio ikikoroma. Alimpiga mbwa wa jirani mpaka jirani akahama. Mkewe alimpiga kwa ngumi, kwa mkanda, kwa kiatu, na baada ya kila kipigo alilala usingizi mzito kama mtu aliyetoka kulima. Usiniambie alikuwa na pepo. Hakuwa na pepo wala nini. Mbele ya wanaume wenye vifua vipana kuliko chake, pepo huyo alikuwa na adabu zake zote.

Mama Waya aliondoka siku alipomwona binti yao mdogo akiingia uvunguni bila kuambiwa, mara tu aliposikia funguo za baba mlangoni. Nguo zao aliziweka ndani ya foronya, akaenda kwa dada yake mkubwa, akakaa huko. Baba yake marehemu alikuwa fundi redio, kwa hiyo harufu ya risasi ya kulehemu waya aliijua kabla hajajua kusoma. Akaingia karakana moja ya kutengeneza printa, wakamcheka siku za mwanzo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumsubiri yeye. Kutoka printa akahamia kompyuta. Kila mara alikuwa na kebo begani, na hilo jina la Mama Waya likamkaa hivyo. Binti akakua, akawa muuguzi katika hospitali ya mjini, na kwa baba yake hakutaka kusikia.

Katika kompyuta, alichokipenda Mama Waya kuliko vyote ni ile mifumo ya kuendeshea mashine, ya jamii ya Unix, inayogawiwa bure, isiyo na madaha wala picha za maua. Unaandika amri, inatii. Ukikosea, inakuambia kwa mstari mmoja kwamba umekosea, kisha inakaa kimya inasubiri ujaribu tena. Mara ya kwanza alipoona hivyo aliduwaa. Alikuwa amekosea, akaambiwa, na hakuna aliyempiga.

Sasa, chuo kimoja cha ufundi kilipewa shehena ya kompyuta kongwe za wahandisi, masanduku ya kijivu ya chuma ambayo ukilibeba moja peke yako mgongo unakuuliza kulikoni. Hazikuwa na mlango wa CD, na tundu la flashi ndiyo usiulize. Njia ya kuziwekea mfumo mpya ilikuwa moja tu, mtandao, na fundi wa kuifanya kazi hiyo aliitwa Mama Waya.

Alifika na begi lake, na mtu wa kwanza kumwona getini, ndani ya sare ya ulinzi iliyompwaya mabegani, alikuwa Sajini.

Alikuwa amezeeka. Mashavu yalikuwa yamebonyea na meno ya mbele hayakuwepo. Lakini macho yalikuwa yale yale, na Mama Waya, ambaye siku hizo angeweza kumsukuma mtu wa aina yile akaanguka, alijikuta amerudi nyuma hatua moja, vile vile kama zamani. Alimchukia kwa hilo kuliko kwa mkono.

"Ooo," Sajini alisema. "Mama wa binti yangu."

"Fungua geti," alisema Mama Waya.

Kazi yenyewe aliipanga ukumbini. Seva yake aliiweka mwisho wa chumba, akavuta kebo mpaka kila meza. Mashine ya aina ile ukiiwasha inaandika "ok" na kungoja. Unaiamuru ianzie kwenye mtandao, nayo inapiga ukelele ndani ya waya: mimi ni fulani, nani ananijua? Seva inasikia, inatazama anwani ya mwenye kuuliza, inajibu: nakujua, shika faili hili uanze nalo. Hapo tarakimu zinaanza kuzunguka pembeni ya skrini, kiini cha mfumo kinashuka, na baada ya muda diski inanguruma.

Shida ilikuwa anwani. Mashine hizo huitunza anwani yake ndani ya chipu yenye betri ndogo, na betri zote zilikuwa zimekufa zamani. Mama Waya aling'oa chipu za zamani akapachika mpya, lakini chipu mpya ni tupu, kwa hiyo kila anwani ilibidi aiandike kwa mkono wake. Mwanzo wa anwani ni wa kiwanda na haubadiliki. Mwisho wake fundi anajitungia, mradi mbili zisifanane, maana mbili zikifanana kwenye waya mmoja ni vurugu tupu: seva ikijibu huyu anapokea yule, na wote wanakwama. Mama Waya alikuwa na mazoea yake. Mashine ya kwanza ya kila kazi aliipa tarakimu za siku aliyozaliwa binti yake, iwe baraka, kisha zinazofuata alizipandisha moja moja. Miaka yote haikumletea shida.

Siku hiyo alikuwa amemaliza safu ya kwanza na kuanza ya pili, akatoka kwenda kunywa maji. Kwenye ujia Sajini alimkuta bombani.

"Nipe namba ya simu ya mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Usijifanye. Ni damu yangu ile."

"Damu ninayoijua mimi ni ile ya sakafuni kwako, Sajini. Niliisafisha mwenyewe, na haikuwa yako, ilikuwa yangu." Akajaribu kupita. Sajini akamkamata mkono, ule ule uliopinda, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja pale mfupa ulipoungana vibaya, kana kwamba hakikuwahi kusahau njia. Kiganja cha pili kikapanda juu. Mama Waya alikiona kikiwa hewani, akafumba macho. Mama mtu mzima, fundi wa watu, akafumba macho. Kisha hatua za mtu zikasikika ngazini, na Sajini akashusha mkono akarekebisha kofia.

Mama Waya alirudi ukumbini. Alikaa mbele ya mashine ya pili ya safu ya pili, akaipachika chipu, akaandika anwani. Vidole vilikwenda vyenyewe. Kichwani alikuwa bado yuko bombani, na safari hii, badala ya kufumba macho, alikuwa anamgonganisha Sajini kichwa na bomba mpaka bomba linapinda. Akaiamuru mashine ianze. Ikaita, ikajibiwa, tarakimu zikazunguka kidogo, zikaganda. Akairudia. Zikaganda. Akabadilisha kebo, akabadilisha tundu, akairudia mpaka macho yakauma, na mwisho akaichapa kofi la ubavuni, kofi la nguvu, kiganja kikawaka moto. Hakuwahi kuipiga mashine maishani mwake.

Sajini alikuwa zamu mlangoni. "Imekufa?" aliuliza.

"Imekufa," alisema bila kugeuka. "Kaitupe."

"Niitupe wapi?"

"Popote. Motoni ukitaka. Itoe mbele ya macho yangu."

Hata ile chipu mpya hakukumbuka kuing'oa. Sajini aliibeba mashine kifuani akihema, akatoka nayo. Hapakuwa na mtu mwingine ukumbini.

Asubuhi yake Mama Waya aliizima safu nzima ya kwanza ili asogeze meza. Alikuwa ameinama chini ya meza na kebo mdomoni aliposikia vurugu mlangoni. Aliyeingia mbele alikuwa mkuu wa walinzi, jitu la shingo fupi waliloliita Kifaru, amebeba ile mashine begani kama mto. Nyuma yake walinzi wawili walimkokota Sajini kwa ukosi. Mdomo wake tayari ulikuwa umepasuka.

Kuhusu Kifaru ni vizuri ujue hili. Chuoni hapo projekta ziliibwa, pampu ya maji ikafuata, na mkurugenzi alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba kikiondoka kitu kingine, hata kiti, ataondoka yeye na kundi lake lote. Tangu siku hiyo Kifaru alikuwa anatafuta mwizi kama mwenye njaa anavyotafuta sufuria. Na sasa alikuwa amempata mwizi wake getini, na mkokoteni, mashine imefunikwa gunia.

"Mama Waya, shikamoo. Samahani kwa usumbufu," alisema Kifaru, maana kwa wakubwa alikuwa na heshima. "Huyu bwana anasema hii ni mbovu. Eti anaipeleka kwa wa vyuma chakavu. Hebu iwashe."

Mama Waya akaichomeka. "Ok," mashine iliandika. Akaiamuru ianze. Ikaita, ikajibiwa, tarakimu zikazunguka, zikaendelea kuzunguka, kiini kikashuka chote, na diski ikaanza kunguruma vizuri kabisa. Mama Waya aliitazama kama mtu anayemwona maiti akiomba maji.

"Nzima!" Kifaru alipiga kofi mezani. "Inapumua hii!"

"Yeye mwenyewe aliniambia imekufa!" Sajini alisema. "Muulizeni! Aliniambia kaitupe!"

Wote wakamgeukia.

Mama Waya hakuwa mjinga. Aliona mambo yote kwa mara moja. Akisema ndiyo, basi yeye ndiye fundi aliyeamuru kutupwa kwa mashine nzima yenye chipu mpya, na kazi ameipoteza, na jina la ufundi alilolijenga kwa miaka litapita mtaani likichekwa. Tena hilo lingekuwa afadhali. Kifaru alikuwa na macho madogo na yalikuwa yameanza kwenda kwake, kwa Sajini, kwake tena. Mtu na mtalaka wake, mmoja anaiita mbovu, mwingine anaipitisha getini. Ilikuwa hadithi nzuri mno. Na juu ya hayo yote, mbele yake alisimama Sajini na mdomo uliopasuka, akimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona kwake. Yalikuwa yanaomba.

"Mama," Kifaru alisema, "ulimwambia?"

"Sikumbuki," alisema Mama Waya.

Kifaru akaitikia kwa kichwa taratibu. Akamshika Sajini kwa shingo ya shati, akatabasamu. "Tunajua alichokufanyia, mama. Hapa kila mtu anajua, mwenyewe hujisifia. Leo tutamfundisha na sisi."

Wakampeleka chumba cha jenereta. Chumba hicho kilipakana na ukumbi, na juu ukutani palikuwa na matundu ya kupitisha hewa, kwa hiyo Mama Waya hakukosa kitu. Alisikia mlango wa chuma ukifungwa. Alisikia wakimwambia avue mkanda. Kipigo cha kwanza kilikuwa cha mpira wa maji, aliutambua kwa mlio, ule mluzi mfupi kabla ya nyama. Kisha wa pili. Sajini alitukana. Baada ya vipigo vichache aliacha kutukana.

Tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe hakuuficha baadaye: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni ikamjaa kifua, akasimama katikati ya ukumbi na bisibisi mkononi, akihesabia kila mlio kosa lake. Huu wa chai. Huu wa kiatu. Huu wa mtoto uvunguni. Kichwa kiligongwa ukutani kule ng'ambo, ukuta ukatetemeka kidogo, naye akasema kwa sauti, peke yake, "Ndiyo."

Kisha akarudi kazini, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Akaiwasha tena safu ya kwanza, mashine baada ya mashine.

Ile iliyotoka getini, iliyokuwa inanguruma vizuri mezani, ikaganda.

Akaitazama. Akaizima mashine ya kwanza kabisa ya safu ya kwanza. Iliyoganda ikashtuka, ikaendelea. Akaiwasha tena ile ya kwanza. Ikaganda. Akaenda kwenye seva, akainama, akasoma anwani zilizokuwa zinaita, na pale zilikuwa mbili zenye mkia mmoja. Siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa binti yake. Akakumbuka bomba, akakumbuka kidole gumba juu ya mfupa, akakumbuka vidole vyake vikienda vyenyewe kwenye kibodi, vikianza kazi upya kama vile safu ya kwanza haikuwepo, na kuandika kile vilichozoea kuandika mwanzo wa kazi. Mashine haikuwa imekufa hata dakika moja. Aliiua yeye kwa kuipa jina la mwenzake, na akamkabidhi Sajini aitupe, na Sajini, kwa mara moja katika maisha yake, alifanya alichoambiwa na mkewe.

Hapo ndipo angepaswa kukimbia. Mlango ulikuwa hatua chache tu.

Alivuta kiti, akaketi.

Hakuwa amezimia wala kuchanganyikiwa. Aliketi kwa akili zake timamu, mikono mapajani, akasikiliza. Mle ndani mpira ulikuwa umeachwa, sasa ilikuwa kitu kigumu zaidi, na mlio wake ulikuwa mfupi, mkavu. Sajini alikuwa analia kama watoto wanavyolia, kwa pumzi za kukatika. Kifaru aliuliza, "Pampu iko wapi? Projekta ziko wapi?" na kila swali lilikuja na pigo. Mama Waya alijiambia: moja zaidi. Kisha akajiambia tena.

"Mkono!" Sajini alipiga ukelele. "Mkono wangu! Umevunjika!"

Mama Waya alijikuta tayari yuko mlangoni. Aliusukuma ule mlango wa chuma kwa bega. Ndani palinuka dizeli na mkojo. Sajini alikuwa amejikunja chini kando ya jenereta, uso haujulikani pua wala jicho, na mkono wa kulia ulikuwa umelala sakafuni kwa namna ambayo mkono haulali. Mlinzi mmoja alikuwa ameshika kipande cha bomba la chuma, amekinyanyua.

"Acheni! Ni mimi! Nilimwambia mimi aitupe!"

Kifaru alicheka. Alikuwa anatoka jasho. "Mama, rudi kwenye mashine zako. Moyo wa mke huo. Wote mko hivyo, mtu anakuua na bado unamlilia." Akampa ishara mwenye bomba.

Mama Waya akajitupa. Hakupanga, na mpaka leo hajui kwa nini, maana mapenzi hayakuwepo wala huruma hakuisikia. Alimwangukia Sajini kifudifudi, na bomba ambalo lilikuwa limeshaanza kushuka likamchapa kwenye bega. Akalia. Akageuka, akalidaka lile bomba kwa mikono miwili, mzima na mbovu, akalivuta kwa nguvu zote za miaka yote, mlinzi akapepesuka, na Mama Waya akasimama nalo katikati ya chumba, amelinyanyua.

"Atakayemgusa nampasua," alisema. "Njooni ukumbini muone kwa macho yenu. Njooni!"

Wakaenda, labda kwa sababu ya bomba. Aliwasimamisha mbele ya mashine mbili. Akawaonyesha: hii ikiwaka, ile inaganda. Hii ikizimwa, ile inatembea. Akarudia. Akamwambia Kifaru abonyeze mwenyewe, na Kifaru akabonyeza kwa kidole chenye damu ya mtu, akaona. Kisha akawasomea mikia ya anwani kwenye skrini ya seva.

"Nimezipa jina moja. Kosa langu. Ikaonekana mbovu, nikamwambia aitupe. Hakuiba."

Kifaru akabonyeza tena, ikaganda tena. Alikuwa mtu aliyepokonywa mwizi wake. Uso ukamvimba, akamkamata Mama Waya kwa nguo shingoni, akamsukuma mpaka mgongo ukagonga meza na mashine zikaruka. "Nilikuuliza!" alifoka, mate yakimrukia usoni. "Nilikuuliza mbele ya watu! Ukasema nini? Ukasema nini, mama?"

"Nilisema sikumbuki."

"Mtu amevunjika mle ndani!"

"Amevunjwa," alisema Mama Waya. "Na nyie."

Kifaru akamwachia. Walinzi wawili walikuwa wanatazama viatu vyao.

Kazi aliipoteza siku ile ile. Mkurugenzi hakupaza hata sauti, alimwonyesha tu mlango. Kifaru na kundi lake nao wakaondoka kabla ya jioni, polisi wakiwa nyuma yao. Lakini kabla ya polisi kufika Mama Waya alipanda gari la chuo pamoja na Sajini, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kupanda naye, na akampigia simu binti yake kazini, akamwambia, "Baba yako analetwa hapo. Jiandae."

Alikaa kwenye benchi la ujia wa hospitali, bega limevimba, blauzi imechanika ukosi. Baada ya muda mrefu binti alitoka akivua glavu.

"Ataishi," alisema. "Mbavu, taya, na mkono umevunjika vibaya. Wameshauwekea plasta." Akaketi karibu na mama yake, akamgusa bega taratibu, akalipapasa kiuuguzi. "Dereva wa chuo ameniambia, mama. Kwamba uliwanyang'anya chuma. Kwamba ulijilaza juu yake. Kwa yote aliyokufanyia, mimi nisingeweza."

Mama Waya alivuta ukosi wa blauzi uliochanika.

"Bahati mbaya tu hukugundua lile kosa la mashine mapema," binti alisema. "Huo mkono usingevunjika."

Hapo palikuwa na nafasi ya kunyamaza, na hakuna mtu duniani angejua. Mama Waya aliutazama mkono wake uliopinda.

"Niligundua mapema," alisema. "Mkono ulikuwa bado mzima. Nilivuta kiti, nikakaa, nikawa nasikiliza."

Mkono wa binti ukasimama juu ya bega. Haukuondoka, lakini uliacha kupapasa. Ujia ulikuwa na watu wengi, wanapita na machela, wanaitana, na wao wawili wakakaa hivyo bila kutazamana. Kutoka ndani ya wodi sauti ikaita, nzito, ya mtu mwenye taya lililofungwa.

"Nesi. Nesi! Mkono wangu."

Binti akainuka. Akasimama mlangoni kidogo, mgongo kwa mama yake, akivuta pumzi kama alivyokuwa akivuta alipokuwa mdogo kabla ya kutoka uvunguni. Kisha akaingia, na Mama Waya akamsikia akisema kwa upole, kama anavyomwambia mgonjwa yeyote:

"Utapona, baba. Nipo hapa. Utapona."

Mama Waya akabaki kwenye benchi, mkono wake mapajani, akisikiliza.